Kadi Nyeupe ya Advera

Novemba 14

Mvua bado. Joto la leo halina hata adabu. Mdogo wangu Advera ameshuka na basi la Dodoma akiwa na mabegi mawili, mrija mrefu wa michoro, na taa ya mezani aliyoipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Yeye ni msanifu majengo, wa kwanza katika ukoo wetu kuchora nyumba badala ya kuzijenga. Anasema amechoka kuchora maghorofa ya watu asiowajua. Anataka ofisi yake hapa hapa Ng'ambo, mtaani kwetu. Kampuni ya Dodoma imemwambia nafasi yake itamngoja mpaka Pasaka. Asipopata kazi ya kueleweka hapa Tabora, anarudi huko.

Mimi nataka abaki. Tangu Mama afariki tumekaa wawili tu na Baba, tukiulizana chumvi. Lakini mbele yake nimesema, "Haya, tutaona," maana akijua namhitaji atanisumbua.

Novemba 16

Baba amempa chumba cha mbele, kile alichokuwa akiwekea saruji. Amekifagia mwenyewe na lile goti lake bovu, na amekataa kusaidiwa.

Baba yetu, Mzee Benjamini, ni fundi mwashi. Nusu ya nyumba za mtaa huu zimetoka mikononi mwake. Tangu alipoanguka na jukwaa hajengi tena, ila mtu akitaka kujenga huja kwanza kumsalimia na kumwuliza kazi ampe nani. Anayetajwa na Baba ndiye anayepata. Nimemwambia Advera, "Wewe huna haja ya kujitangaza. Baba akikutaja mara moja umemaliza." Akasema anajua, lakini kadi ya biashara anaitaka vilevile.

Kadi ni kazi yangu. Mimi nina duka la uchapaji: kadi za harusi, mihuri, mabango, vipeperushi vya kwaya. Nurdini ndiye anayeendesha mashine, mimi ndiye ninayechora na kugombana na wateja.

Novemba 19

Nimemtengenezea kadi ya nguvu. Paa la vigae vya bluu, bikari, winchi ya kunyanyulia mizigo, picha yake akiwa na joho la chuo, namba tatu za simu, orodha ya huduma, na chini kabisa "Mungu ni Mwema". Kingo za dhahabu. Wateja wangu wakiona sehemu tupu huuliza kama wino umeisha, kwa hiyo nimezoea kuijaza.

Advera ameitazama muda mrefu. "Dada, hapa mtu aanze kusoma wapi?"

"Popote atakapopenda."

Akasema anataka jina, kazi na namba moja ya simu. Basi. Karatasi nyeupe nzito, herufi nyeusi, hakuna picha.

"Na nyuma?"

"Nyuma patupu."

"Patupu kabisa? Watu watadhani mashine imekwama."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Novemba 23

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi wamejaa taani, mtaa mzima uko nje na mabeseni. Sijagusa kazi.

Novemba 27

Nimeitoa winchi.

Desemba 2

Nimetoa picha ya joho, na imeniuma, kwa sababu siku ile ya joho mimi ndiye niliyemkopea viatu. Nimemwambia wazi kwamba mteja mwingine wa namna yake ningeshamfukuza.

Amenishika mkono tukavuka barabara, tukaitazama nyumba yetu kutoka upande wa pili. Akasema, "Angalia nguzo za baraza. Kila fundi wa wakati ule aliweka maua ya saruji juu ya nguzo. Baba hakuweka. Angalia madirisha, yote yamekaa mstari mmoja. Mimi chuoni nilipofundishwa haya mambo nilikuwa nayajua tayari, nimelala ndani yake."

Nimeishi nyumba hii miaka yote na sijawahi kuyahesabu madirisha kama kitu cha kuangalia. Nilirudi dukani nikafuta kingo za dhahabu bila kuambiwa.

Desemba 9

Paa nalo nimelitoa. Nurdini anasema tukiendelea hivi tutakuwa tunauza karatasi.

Desemba 15

Leo nimeipata. Nimeshinda na jina tu tangu asubuhi. "Advera Benjamini" lilikuwa refu, linavuta jicho lote kulia, na kila nikilisogeza namba ya simu inabaki inaning'inia. Nikajaribu kuondoa neno moja. "Advera" peke yake, chini kushoto, chini yake "msanifu majengo" kwa herufi ndogo, kisha simu. Kadi ikatulia. Hata Nurdini alisimamisha mashine akaja kuangalia.

Advera naye aliishika kwa ncha za vidole, nikajua imempendeza. Kisha akasema, "Lakini Baba?"

Nikamwambia, "Baba si mteja. Mteja ni wewe." Nimelisema mimi hilo, kwa mdomo wangu. Tukachapa boksi zima.

Desemba 18

Tumempelekea Baba kadi barazani. Ameishika mbali na macho, akaigeuza, akaona nyuma palivyo peupe, akaigeuza tena.

"Karatasi nzuri," akasema.

"Ndiyo, Baba," Advera akajibu.

"Haipindi." Akaijaribu kwa kidole gumba. "Sasa mimi mmenitoa."

Nikaanza kueleza mambo ya urefu wa maneno, jicho kuvutwa kulia, nafasi. Nikajisikia mwenyewe ninavyopayuka. Baba akangoja nimalize, kisha akasema kwamba yeye alishamwambia Uwesu kibao cha mlangoni kitasomeka "Benjamini na Binti". Uwesu ni fundi cherehani wa pale kona, Mzaramo, mtani wetu. Ukimwambia yeye jambo umelitangaza mjini.

"Tunaweza kuchapa nyingine, Baba," nikasema.

"Sawa tu." Akaiweka kadi juu ya kizingiti cha dirisha, akaomba maji ya kunywa.

Hiyo "sawa tu" yake naijua. Aliwahi kumwambia hivyo bwana mmoja aliyetaka kupunguza saruji, na hakukanyaga tena kwenye ile nyumba.

Desemba 25

Noeli. Misa ya asubuhi, wali, kuku wawili. Baba kazungumza na kila mtu, habari za mvua.

Januari 6

Martha amekuja kutoka Kwihara. Baba yake, Mzee Octavian, ndiye mtu wa kwanza kabisa kumpa Baba kazi ya nyumba nzima, enzi hizo Baba akiwa kijana hana hata koleo lake. Nyumba ile imechoka na Martha anataka kuwajengea wazazi mpya.

"Shikamoo, Mzee Benjamini. Nimeambiwa Advera karudi. Nimwone yeye?"

Baba akaitikia marahaba, akamwuliza hali ya mzee, akamwuliza kuhusu mihogo. Halafu akasema, "Ngoja kwanza mvua zipungue."

Martha aliaga akaondoka. Chumba cha mbele dirisha lilikuwa wazi na Advera alikuwa mezani kwake. Alisikia kila kitu.

Januari 14

Mvua siku ya nne. Bati la duka linavuja juu ya mashine ya kukatia karatasi, nimeifunika turubai. Uyoga wa Ipole umefika sokoni. Nimenunua mwingi ili nyumbani tuwe na kitu cha kuongelea. Tumeula kimya.

Januari 22

Leo nimewavaa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Nimeanza na Baba. Nimemwambia kesho nachapa kadi mpya zenye jina lake, herufi kubwa kama anavyotaka.

"Mimi siombi kuandikwa, Koleta."

"Basi mtaje kwa watu, hata bila kuandikwa."

"Nimtajeje mtu ambaye hakusema ni wangu?"

Nikaenda kwa Advera. Naye kichwa ni kilekile. "Nikimwandika sasa," akasema, "nitakuwa nimemwandika kwa sababu amenuna. Atajua. Na kila nikitoa kadi nitakumbuka."

"Kwa hiyo utarudi Dodoma kwa sababu ya neno moja?"

"Wewe ndiye uliyelitoa, dada."

Kweli ndiye mimi. Nimetoka nikaenda kupika. Ugali wa leo umekuwa mgumu na hakuna aliyelalamika.

Februari 3

Nilikuwa namwona Baba ana kiburi, na nimeshamsema sana moyoni. Leo nimerudi nyumbani mchana kuchukua wino, Advera akiwa ameenda Igunga kumwonyesha mtu mmoja mahali pa kujenga banda la kuku. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi. Baba alikuwa ndani, fimbo ameiegemeza mezani, amesimama mbele ya michoro iliyobandikwa ukutani. Alikuwa ameweka mikono nyuma, kama mtu aliyekatazwa kugusa. Akasogeza uso karibu na mchoro mmoja, akarudi nyuma hatua, akasogea tena. Midomo ilikuwa inatembea, anahesabu tofali.

Nimerudi dukani bila wino.

Februari 5

Banda la kuku limepatikana. Ndiyo kazi yake pekee mpaka sasa.

Februari 19

Dodoma wamepiga simu kuuliza kama anarudi. Amewaambia atawajibu kabla ya Pasaka. Jioni nimemkuta anaikunja ile taa yake ya mezani na kuikunjua, anaikunja na kuikunjua. Nimemwuliza kama imeharibika. Kasema hapana.

Machi 5

Jumatano ya Majivu. Mvua kubwa mchana, barabara ya sokoni imekuwa mto.

Machi 7

Mzee Octavian amefariki leo alfajiri, usingizini, katika nyumba ileile. Baba amepewa habari akiwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akasema, "Alinipa kazi nikiwa sina hata koleo," akarudia maneno hayo mara kadhaa. Kesho tunazika Kwihara.

Machi 8

Nimechoka, mabega yananiuma, na nitaeleza kwa nini.

Tumefika Kwihara wakati watu wameshajaa uwanjani. Ni kijiji cha njia ya zamani ya misafara, na msibani hapo huwezi kukosa watani. Hii ni desturi yetu tangu babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani, Wazaramo wakiwapokea: mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote na kunyakua chochote, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Uwesu alikuwa ameshaanza kazi. Amejifunga khanga kiunoni, amekaa katikati ya njia ya kwenda kaburini, anasema maiti haipiti mpaka aelezwe nani atamlipa deni la suruali ya marehemu, suruali ambayo kila mtu anajua aliishona vibaya. Martha analia na kucheka kwa pamoja, wamempa Uwesu ugoro na kuku, kasogea.

Kisha akaniona mimi. Kabla sijajiweka sawa mkoba umeshaondoka begani. Akaanza kutoa kimoja kimoja na kukionyesha hadhara: kitana, kidonge cha kichwa, andazi. Halafu akatoa kadi.

Akaisoma kwa sauti kama karani wa mahakama. "Advera. Msanifu majengo." Akaigeuza. "Huku hakuna kitu." Akaigeuza tena. "Advera wa nani?"

Watu wakaanza kucheka. Advera alikuwa pembeni yangu, nikasikia mkono wake ukishika khanga yangu.

"Jamani, mimi nauliza," Uwesu akaendelea. "Mlipokuwa mkija kwetu pwani tuliwapokea na baba zenu, mmeongozana vizuri. Huyu wake kaangukia wapi njiani? Mbona kadi haina baba? Au ndiyo kafa na sisi hatukuambiwa? Basi leo tunazika wawili. Vijana, chimbeni kadogo pale kando." Akapiga magoti, akaanza kuiwekea kadi udongo kidogo kidogo, huku analia kilio cha uongo, "Benjamini wee, ulijenga mji mzima ukakosa mahali pa kuandikwa."

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Kwetu nyumbani jambo hili tulikuwa tumelizunguka miezi mitatu bila kulitoa nje ya mlango, na sasa linaliliwa mbele ya Kwihara nzima.

Nikamtafuta Baba kwa macho. Alikuwa kwenye benchi la wazee, ameinama, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alipoinua uso nikaona anacheka, machozi yanamtoka na anacheka, sijamwona akicheka hivyo tangu Mama afariki. Sijui machozi yale mangapi yalikuwa ya Octavian.

Akainuka na fimbo yake, akafika pale. "Lete hapa, mtani. Unazika mtu mzima."

Uwesu akampa. Baba akaifuta udongo kwa shati. Akaitazama upande wa jina, safari hii kwa utulivu, kisha akaigeuza upande mweupe. Akachomoa penseli nyuma ya sikio; hata baada ya kuacha kazi bado huiweka pale.

Hapa lazima nieleze, ingawa mjini kwetu mafundi wote wanajua. Baba akiwa kazini, ukuta ukifika usawa wa dirisha alikuwa akishusha timazi kuupima kama umesimama wima. Akiridhika anachora pembeni mstari mmoja mfupi wa wima kwa penseli yake nyekundu ya useremala. Bila mstari huo hakuna kibarua aliyethubutu kuongeza tofali. Tumekua tukiiona mistari hiyo kwenye kuta za watu kabla hazijapigwa lipu.

Akachora mstari huo nyuma ya kadi. Mmoja tu, wima. Mafundi waliokuwepo wakaacha kucheka, wakatazamana. Halafu hakumrudishia Uwesu. Alikwenda mpaka kwa Martha, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mwanangu, ulikuja kwangu Januari nikakuchelewesha, na baba yako hakuiona nyumba yake. Nisamehe. Huyu ndiye wa kukuchorea nyumba ya mama."

Martha akaiweka kadi kifuani.

"Na faini yangu?" Uwesu akauliza. "Nimekufufua bure?"

"Faini mdai Koleta," Baba akasema. "Ndiye aliyenitoa."

Kumbe alijua siku zote. Uwesu akanihukumu kuwasombea maji wapishi mpaka pipa lijae, na nimelijaza, kwa ndoo, na khanga ya msiba kiunoni. Advera alinifuata na ndoo ya pili bila kuhukumiwa. Njiani kutoka kisimani alikuwa analia, nikamwacha alie.

Machi 11

Watu wawili wamekuja dukani wakitaka "ile kadi ya Uwesu".

Machi 20

Martha amekuja na mama yake, wamekaa chumba cha mbele asubuhi nzima. Nyumba ya mama mjane, baraza pana, jiko linaloonekana kutoka chumbani kwake. Wamemaliza, Martha akapita barazani kumuaga Baba, na Baba hakuuliza wamekubaliana nini.

Advera kaanza kuchora siku hiyohiyo.

Machi 29

Kwa kuwa sijui kunyamaza, nimepiga picha mstari wa Baba, nimeusafisha kwenye kompyuta, nimeuweka nyuma ya kadi kwa wino mwekundu. Umependeza kuliko nembo yoyote niliyowahi kutengeneza. Nimempelekea Baba.

Ameutazama na kukubali kwamba ndio wenyewe. "Sasa hizi utachapa ngapi?"

"Boksi zima."

"Na mimi nitakuwa nimeziangalia nyumba za boksi zima?" Akanirudishia. "Niachieni hapo nyuma peupe. Nikiona kitu kimenyooka nitachora mwenyewe. Nisipoona, sichori, hata kama ni mtoto wangu."

Advera alikuwa mlangoni. Nilidhani itamuumiza. Akasema, "Sawa, Baba," na akarudi mezani kwake haraka kama mtu aliyepewa mtihani.

Aprili 6

Mvua zinakwisha. Mchoro wa nyumba ya Martha uko mezani kwa Baba barazani, umewekewa mawe manne pembeni upepo usiuchukue. Hajasema lolote. Advera amesharekebisha ngazi mara mbili bila kuombwa.

Aprili 11

Bado. Dodoma wamepiga tena.

Aprili 17, Alhamisi Kuu

Jua limewaka siku nzima, barabara imekauka. Advera amepita dukani na mchoro ameukunja ndani ya mrija, ametaka nakala za kumpelekea Martha kabla ya sikukuu, na ameondoka mbio kwenye mazoezi ya kwaya. Uso wake sikuuelewa.

Nimemwachia Nurdini auweke kwenye mashine, nikaendelea na vipeperushi. Baada ya muda nikamsikia anafungua droo.

"Dada Koleta, huku kwenye kona kuna uchafu wa penseli. Nautoa."

Nikainua kichwa. Alikuwa ameshika kifutio, ameinamia karatasi, kona ya kulia, usawa wa dirisha la chumba cha mama. Nikaruka juu ya meza. Nimeangusha kikombe cha chai na vipeperushi vya Pasaka vimelowa vyote, sijali. Nilimdaka mkono kifutio kikiwa kimeshagusa karatasi.

Mmoja tu, mfupi, wima, mwekundu.

Nilimpigia Advera. Kwaya ilikuwa inaimba nyuma yake. "Umeuona?" nikamwuliza.

"Nimeuona asubuhi nilipoamka. Dodoma nimeshawapigia, dada. Nafasi wampe mtu mwingine."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nurdini akaweka kifutio chini, akauliza nakala ngapi. Nikamwambia tatu, na zote zitoke hivyo hivyo.